Marlys Kujala na trekta lililomlalia

Mlango wa banda uko wazi wote, na theluji inaingia ndani kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Marlys Kujala amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Mkononi ana kidumu cha petroli. Bado hajakifungua.

"Ngojeni kidogo," anasema, ingawa hakuna aliyemharakisha.

Mbele yake limesimama trekta la bustani, kimo cha ndama, jekundu la rangi mpya. Boneti limeondolewa, injini yake ya silinda moja iko nje inaonekana yote. Mumewe, Duane, fundi seremala, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yamebana kifaa cha kuzimia moto.

"Kama hujisikii leo, kesho ipo," Duane anamwambia.

"Hiyo kesho imekuwepo miaka minne, bwana."

Anakiweka kidumu chini na kujifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono ni mikavu. Halafu anatoka nje, anasimama kwenye theluji akivuta pumzi, mgongo ameligeuzia banda. Duane hamfuati. Amekwisha kujifunza.

Watu wa Halvari, kijiji cha misitu na mashamba ya viazi kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, wanamjua Marlys kama dereva wa basi la shule. Ana umri wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwabeba watoto wao kwenye barabara ambazo majira ya baridi huzifanya kioo. Mshahara wake ni dola ishirini na moja kwa saa, na saa zenyewe ni za asubuhi na za mchana tu. Lakini hakuna mzazi aliyewahi kusikia basi la Marlys limeingia mtaroni.

Wasichokijua wengi wao ni kwamba kwa miaka minne dereva huyo hakuweza kutia mafuta kwenye basi lake mwenyewe.

Ilianza mwezi Julai, miaka minne iliyopita. Marlys alikuwa akikata nyasi kwenye mteremko ulio nyuma ya kibanda cha sauna, bafu lao la mvuke, juu ya trekta hilihili, aliloachiwa na baba yake. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu msichana. Gurudumu la juu likapanda jiwe lililojificha kwenye nyasi, na kabla hajajua la kufanya, mbingu ilikuwa chini na ardhi juu.

Trekta lilimlalia kiunoni. Injini ilizimika yenyewe. Ukimya ukaingia, na ndani ya ukimya ule akasikia kitu kinadondoka.

"Nilidhani ni damu," anasimulia. "Nikasema, haya, damu si mbaya, damu naijua. Halafu nikapata harufu. Ilikuwa petroli. Kifuniko cha tanki kilikuwa juu ya shingo yangu. Tone, linashuka ndani ya kola. Tone jingine. Na ekzosi iko hapa," anaonyesha upana wa kiganja kutoka shavuni, "bado inalia ti-ti-ti, kama chuma cha moto kinavyolia kikipoa. Nikawaza, ikigusana tu, nimekwisha."

Aliita mpaka sauti ikakauka. Duane alikuwa kwenye karakana yake anapasua mbao kwa msumeno wa umeme, masikio ameyaziba kama fundi yeyote mwenye akili. Alipomaliza ubao wa mwisho akatoka kutafuta kahawa, akaona magurudumu yanatazama mawingu.

Nyonga iliyoumia ilipona. Daktari alimpa pia dawa ya usingizi. "Nililala," anasema Marlys, "ila ndoto hazikulala."

Trekta likasukumwa bandani, likafunikwa turubai. Hofu haikukubali kufunikwa. Mwanzoni aliogopa trekta tu. Halafu banda. Viazi vimehifadhiwa kule, na Duane ndiye akawa anavifuata. Halafu mlio wa mashine ya jirani ya kukata nyasi. Akiusikia, anafunga madirisha hata kama ni joto. Mwisho hofu ikafika kwenye kituo cha mafuta. Alishika pampu siku moja, harufu ikampanda puani, na alipopata fahamu zake alikuwa amekaa sakafuni mwa gari lake, amejikunja, mlango ameufunga kwa ndani.

"Mtu mzima!" anasema. "Nabeba watoto thelathini kwenye barafu, halafu nakimbia bomba."

Aliyemwokoa ni Orrin Tervo, dereva mwenzake. Sheria ya shule ni moja: kila dereva anajaza basi lake. Orrin hakuuliza maswali. Kila jioni alijaza lake, akajaza na la Marlys, akamrushia ufunguo kupitia dirishani.

"Dada, nakudai shukrani," alikuwa akimtania.

"Nitakupa pai la nyama."

"Lile la wiki jana? Bado linanikaa tumboni. Nipe shukrani za mdomo, zinameng'enyeka."

Basi walicheka hivyo, miaka ikapita. Mpaka Novemba iliyopita, msimu wa kuwinda paa ulipokwisha, Orrin alipokuja dirishani bila utani.

"Marlys, mimi Juni nastaafu. Mke wangu ameshanunua na kofia za jua za kwendea Arizona." Akampa ufunguo wake mkononi. "Nani atakujazia?"

Marlys anasema hakulala usiku ule. Kulipokucha alimkuta Duane jikoni akikoroga unga wa maandazi, akamwambia bila utangulizi.

"Nataka kulifungua lile trekta."

"Kulifungua? Ufanye nini?"

"Nataka kuona lina nini ndani."

"Lina kutu na panya. Nimekwisha kukuambia, huna haja ya kwenda." Duane akaweka mwiko chini. "Mke wangu, lile ni chuma tu. Tuliuze, tusahau."

"Wewe umesahau?"

Duane akauchukua mwiko, akaendelea kukoroga. Tangu ule mwezi Julai hajawahi kuziba masikio kazini tena. Sasa upande wa kushoto hasikii vizuri, na mkewe akimsemesha lazima azungukie kulia.

Siku ya kwanza Marlys alifika mlangoni mwa banda, akarudi. Siku ya pili akaingia na kuvuta turubai kona moja tu. Wiki nzima alitoa kiti tu, bolti nne, akaziosha na kuzitia kwenye chupa ya jemu. Hilo likamtosha.

"Sikuwa nalitengeneza," anasema. "Nilikuwa nalinyang'anya silaha."

Kwa hiyo alilibomoa polepole kama mtu anayemng'oa nyoka meno. Boneti. Usukani. Mkanda. Ndani ya kifuniko cha feni alikuta panya wamejenga mtaa mzima, kwa pamba waliyoiba kwenye mto wa zamani wa Duane. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Akamwagia mafuta mepesi, akasubiri siku kadhaa, akaigonga kwa nyundo ya mbao, haikusogea. Akamwaga tena. Jumapili moja baada ya kanisa ilishuka ghafla, wembamba wa ukucha, na yeye akaruka nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Ilikuwa kama imepumua," anasema, na hata sasa anajisugua mkono uliosisimka.

Mlango aliuacha wazi siku zote ili harufu itoke, baridi iwe kali namna gani. Duane alimletea kahawa, na akitoka aliurudisha kwa huruma. Kabla hajafika nyumbani angesikia kelele: "Nani kafunga mlango?"

"Utaganda humo!"

"Nigande! Aliyeganda hukimbii kumzima!"

Kabureta ndiyo aliyoiogopa kuliko vyote, kwa sababu ndani yake mlikuwa bado na petroli ya siku ile, imekuwa utomvu wa rangi ya chai. Alipoifungua harufu ilimfanya atapike kwenye theluji. Akafunga skafu puani, akarudi. Akatapika. Akarudi.

Kabla ya kugusa petroli alijiwekea sharti: jiko la kuni la bandani lisiwe limewashwa tangu jana yake. Sharti hilo alilishika kama amri ya Mungu. Lakini Jumapili moja ya Februari Duane aliingia asubuhi kuchukua viazi, akaona rangi yake ya kupakia mbao inaganda kwenye makopo, akawasha vijiti vichache kupasha banda joto, akaondoka. Marlys alipokuja mchana aligusa jiko kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa baridi. Hakufungua mlango wake kutazama majivu.

Alikuwa anasuuza kabureta kwenye bati la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kimya. Ulitambaa mpaka kwenye kaa moja lililokuwa limejificha.

"Sikusikia mlipuko. Nilisikia kama mtu anakung'uta shuka: fuu! Nikaona njia ya bluu inakuja kwangu, kwa miguu yake, mpaka mezani."

Bati likashika moto. Mkono wa koti ukashika. Lile aliloliogopa miaka minne lilikuwa limekuja, nalo lilikuwa la rangi ya chungwa na lilimfikia kifuani.

Marlys anasema hajui nani aliyefanya yaliyofuata. Mkono ulioungua uliingia kwenye theluji iliyorundikana mlangoni. Mkono mwingine ulivuta blanketi zito la sufu kutoka kwenye msumari na kulitupa mezani. Akalilalia lile blanketi kwa kifua chake, akabana, mpaka chini yake pakawa giza.

Duane aliuona moshi kupitia dirisha la jikoni. Alikuja mbio kwenye theluji akiwa na soksi tu. Alimkuta mkewe amesimama, nyusi zimeungua, blanketi linafuka miguuni pake. Alimfunga mkono kwa bandeji, akampikia supu, akakaa mezani akiitazama mikono yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshalikumbuka jiko.

Kesho yake, Marlys akiwa barabarani na watoto, Duane alimwita kaka yake. Wakafunga tela kwenye pikapu, wakapakia fremu ya trekta pamoja na injini, wakaendesha mpaka yadi ya vyuma chakavu ya Wendell Olander, ng'ambo ya mto, safari ya karibu saa nzima.

Alipotoka kazini Marlys alikuta banda tupu. Chupa za jemu zimebaki kwenye rafu, kila moja na bolti zake.

"Liko wapi?"

"Limekwenda," Duane alijibu.

"Limekwenda? Lina miguu?"

"Marlys, nisikilize."

"Nakuuliza, Duane. Umelipeleka wapi trekta la baba yangu?"

Ndipo Duane, ambaye jirani zake humwita Bwana Kimya, alipopiga meza. "Mara ya kwanza sikukusikia! Jana nilikuona! Ya tatu nisubiri nini, niitwe kuja kukutambua?" Akaketi. "Liko kwa Wendell. Kesho ndiyo siku yake ya kubana vyuma. Liache libanwe. Nakuomba."

Marlys anasema alimhurumia, na angetaka kumshika mkono. Badala yake alichukua ufunguo wa pikapu kwenye msumari.

Tela lilikuwa bado limefungwa nyuma. Theluji ya ziwani ilikuwa imeanza, ile inayosukumwa na upepo ikaja ubavuni. Alikuwa amefika njia panda taa ya mafuta ilipowaka. Safari ya Duane ya kwenda na kurudi, na tela zito, ilikuwa imekausha tanki.

"Nikacheka," anasema. "Peke yangu, ndani ya gari. Nikasema, Duane, umenikomesha bila kujua."

Kituo cha mafuta kilikuwa pale pale njia panda. Mafuta yasingetosha kurudi nyumbani, wala yasingetosha kwenda kwa Wendell. Alisimama kando ya pampu, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Vioo vikaanza kuziba kwa pumzi yake. Gari lilikuja nyuma, likasubiri, likaondoka. Jingine likaja. Alitamani mtu agonge dirisha amuulize kama anahitaji msaada. Alitamani pia mtu asigonge.

"Niliogopa kuliko siku ya moto," anasema. "Moto ulikuja wenyewe. Huku ilibidi niufuate."

Alishuka. Akaegemea ubavu wa gari. Aliposhika pampu alianza kuongea nayo kwa sauti, jinsi anavyoongea na watoto wa darasa la kwanza wanaogoma kupanda basi: haya, twende, hatua moja, usisukumane. Petroli ilianza kupita. Aliisikia ikipita ndani ya mpira, mkononi mwake, kama kitu hai. Alipoichomoa pampu, tone lilimdondokea kwenye glavu.

Alivua glavu ile akaitupa kwenye pipa la taka. Njia nzima iliyobaki aliendesha na mkono mmoja mtupu, vidole vimekufa ganzi, na anasema alikuwa analia na kuimba kwa wakati mmoja, na hakumbuki wimbo.

Wendell Olander, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa anafunga geti.

"Wewe ndiye mwenyewe," alisema kabla hajasalimiwa.

"Mmelibana?"

"Nilibane nina wazimu? Chuma chakavu huja kimetupwa. Lile limefunguliwa bolti moja moja, kila tundu limefutwa. Nikajua lina mtu anayelililia." Akamwongoza mpaka nyuma ya kibanda, trekta lilikuwa chini ya bati, pembeni ya rundo. Akaanza kushusha mnyororo wa winchi ya kunyanyulia mizigo. "Na mumeo alilia hapa, mama. Mwanamume mzima. Akanidanganya eti ni upepo."

Marlys alirudi nyumbani giza likiwa limeingia, akiendesha polepole kwa sababu ya mzigo. Duane alikuwa amesimama barabarani, mwisho wa njia yao ya kuingilia, theluji imemjaa mabegani. Hakulitazama trekta. Alitazama mshale wa mafuta kupitia dirishani.

"Nani alikutilia?"

"Nani mwingine yupo humu?"

Duane akazunguka gari, akapanda upande wa abiria, akaushika ule mkono mtupu akauweka chini ya koti lake. Wakakaa hivyo, injini ikiunguruma, wipa zikifagia.

"Kama ni lazima," alisema baadaye, "basi nitakuwemo."

Tangu siku hiyo Duane hakukosa bandani. Jiko la kuni aliling'oa na kulitupa nje, bomba na vyote. Alikwenda kwa mchomeleaji akatengenezewa fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta likipinduka, na mkanda wa kiti, wa lori kuukuu. Alipaka rangi, kwa sababu hakuna seremala asiyejua brashi. Kila bolti ilipotoka kwenye chupa ya jemu kurudi mahali pake, alikuwa karibu, sikio la kulia limeelekezwa kwa mkewe.

Duane anakiri anaogopa bado. "Nikimwona ameinama pale, naona moto," anasema. "Lakini nikiwa jikoni nauona zaidi."

Sasa Marlys ameingia tena bandani. Amepiga magoti kando ya trekta, akafungua kidumu. Anageuza uso pembeni, macho yamefumba nusu, na kumimina. Mdomo wa kidumu unagonga tanki, ta-ta-ta. Amemimina kidogo tu, kiasi cha kikombe cha chai. Anafunga tanki, anafunga kidumu, anakibeba mpaka nje, mbali, karibu na mti wa msonobari, na kurudi akihema kama aliyepanda kilima.

"Duane, uko tayari?"

"Tangu Julai."

Anageuza ufunguo. Injini inakohoa na kunyamaza. Anageuza tena. Inakohoa, inapiga chafya, na ghafla inashika, puu-puu-puu, moshi wa bluu unajaa bandani na kukimbilia mlangoni. Marlys ameshika usukani kwa mikono miwili lakini yuko chini, amesimama, hajapanda. Uso umekuwa mweupe. Midomo inasema kitu kisichosikika.

Halafu anazima. Mashine imeunguruma kwa muda usiozidi dakika moja. Ekzosi inaanza kulia, ti-ti-ti, na yeye anasimama palepale akiusikiliza mlio huo mpaka unakwisha wenyewe.

"Inatosha kwa leo," anasema. Anakaa juu ya ndoo ya Duane na kuweka kichwa magotini.

Wiki iliyopita alijaza basi lake mara mbili. Orrin alisimama kando, mikono mifukoni kama walivyopatana, ila mara zote mbili akiwa ameng'ata kofia yake. Uongozi wa shule umekwisha kupewa habari yote, na Marlys mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Hajui wataamua nini kuhusu mkataba wa mwaka ujao. "Wakisema hapana, nitaelewa," anasema. "Ila sitaki tena mtu anifichie."

Theluji ikiyeyuka, mteremko wa nyuma ya sauna utapandwa misonobari midogo. Huko hatapanda trekta tena, na hamwombi radhi mtu yeyote kwa uamuzi huo. Anachotaka ni makaburi ya kanisa, ambayo ni tambarare kama meza. Baba yake aliyakata nyasi hadi alipozeeka, na sasa magugu yamewafika watu magotini. Marlys amejiandikisha kuyafyeka kuanzia mwezi Mei.

Duane ameshatangaza kwamba atakuwa akitembea ubavuni mwa trekta, kuanzia kaburi la kwanza mpaka la mwisho.

"Utatembea mpaka lini, mzee mzima?" mkewe anamuuliza.

"Mpaka nizoee. Au mpaka miguu ikatae."

Marlys anainua kichwa na kulitazama trekta, kisha mume wake.

"Lina gia tatu," anasema. "Nitatumia ya kwanza, ya taratibu, ili mzee asiachwe."